Mumeo na Majani Yake Stooni

Bwera

Dada yangu Adventina,

Natumaini barua hii inakukuta umesimama kwa miguu yako miwili, na lile goti halikusumbui tena. Mama anaendeleaje na presha? Bado anaficha vidonge chini ya mto na kusema amemeza? Mimi mdogo wako mwili ni mzima. Roho ndiyo haijatulia.

Utashangaa kwa nini naandika wakati simu ipo. Stoo anayolala mumeo imetengwa na chumba changu kwa mbao ambazo hazifiki hata kwenye bati, na kila nikisema "halo" kitanda chake kinanyamaza. Barua hii namkabidhi dereva wa lori anayeshuka hadi mpaka wa kwetu, Mutukula, na bahasha nimeipaka gundi mara mbili.

Unajua Shemeji Deo alikuja kwangu akisema analima vitunguu. Alikodi kipande cha shamba huko Mahango, mlimani, nami nikampa stoo bure kwa heshima yako. Miezi minne alipanda na kushuka mlima, na sikuwahi kuona kitunguu hata kimoja kwenye sufuria. Mwezi uliopita ndipo alipoanza kuniuliza maswali.

"Shemeji, wewe ni fundi wa kukausha. Jani la dawa ya kuku unalikaushaje lisipoteze nguvu?"

Dada, unanijua. Mtu akiniita fundi naota mbawa. Miaka sita nakausha vanila ya watu hapa, na hakuna aliyewahi kuniuliza jinsi ninavyofanya. Nikamweleza yote. Asianike juani, aning'inize gizani, upepo upite taratibu. Avunje kijiti: kikipinda, bado, kikilia, tayari. Kisha atie kwenye chupa za kioo na azifungue kila siku zipumue, maana unyevu uliojificha kwenye shina hurudi kwenye jani na kuleta ukungu. Akasema atasahau. Nikachukua kalamu nikamwandikia, kwa mwandiko wangu huu huu.

Baada ya hapo dirisha la stoo likazibwa kwa gunia, mlango ukapata kufuli jipya, na feni ndogo ikawa inaunguruma mchana kutwa. Kuku gani hao wa kutibiwa kwa feni? Na kuku wenyewe hatuna! Nikaanza kumchunguza. Nilinusa mlangoni, sikupata kitu. Pua yangu imekwisha kuuawa na vanila.

Aliyenifumbua macho ni Mama Kavira, mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka wa huku, anayeuza vitenge chumba cha pili. Alinisimamisha bombani mbele ya watu.

"Papa Respis, mu stoo yako iko nini? Ile harufu inaingia mupaka mu bitenge byangu. Bakiliya bakikuya kununua, banashika kitenge, bananusa, banacheka. Miye niko mukimbizi, sitaki mambo ya polisi. Kama hauongee na ule shemeji yako, miye nitaongea."

Jumapili, Deo alipokwenda misa, nikang'oa bawaba za mlango. Kamba zimepita ukuta hadi ukuta, matawi yananing'inia kichwa chini, na chini ya kitanda chupa zimepangwa mstari. Hata mimi ambaye sijawahi kuvuta sigara nililijua jani lile. Bangi, Dada. Na imekaushwa vizuri. Naona aibu kukuambia kwamba nilivunja kijiti kimoja, kikalia sawasawa, na nikaona fahari kabla ya kuona hofu.

Nikatafuta ile karatasi niliyomwandikia kila mahali. Haikuwepo.

Aliporudi alinikuta nimesimama mlangoni. Nikamwambia achome kila kitu na aondoke. Akaketi, akavua viatu polepole.

"Shemeji, usipige kelele. Ukienda polisi watauliza nani alinifundisha. Karatasi yako nimeiweka mahali pazuri."

"Unanitisha?"

"Sikutishi. Na usihangaike kumlilia Adventina. Anajua."

Nilimwita mwongo. Lakini tangu siku ile neno hilo halinitoki. Nimekumbuka ulivyoniuliza kama stoo ina dirisha, na kama mwenye nyumba huwa anaingia. Nilidhani unamhurumia mumeo asipate joto. Nimekumbuka uliponiambia nisimsumbue na habari za vitunguu. Jela naiogopa, mgeni kwenye nchi ya watu kama mimi, na kazi yangu itakwenda siku hiyo hiyo. Ila hilo la wewe kujua ndilo linaloniuma zaidi. Wewe ndiye uliyenilea Baba alipofariki.

Msalimie Mama sana, na umsimamie mpaka ameze. Msalimie mjomba wetu fundi baiskeli, na shangazi wa Muleba akija. Binti yako Jovita mwambie mjomba wake anamwombea mtihani, lakini haya mengine asiyasikie.

Deo nimempa mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo nitakwenda kituoni mwenyewe, karatasi iwepo isiwepo. Kama ulikuwa hujui, nipigie siku hiyo hiyo barua ikifika, hata Deo akisikia, na umwite mumeo nyumbani. Kama ulikuwa unajua, Dada, usinipigie. Nitaelewa.

Ni mimi mdogo wako,
Respicius