Kombe Ulilonitilia kwenye Uji

Kwako Mama, uliyelala kaburini Wawi,

Leo sina maneno matamu. Yasini nimekusomea alfajiri kama kawaida, haki yako nimeitoa. Zilizobaki ni hasira zangu. Ulipokuwa hai sikupata pa kuzisemea, basi nazisema hapa, na atakayeisoma barua hii aisome.

Unakumbuka nilipokuwa na miaka sita? Nilikuuliza kama Mungu ananiona nikiwa chooni. Ulicheka mpaka ukaiacha nazi uliyokuwa ukiikuna. "Anakuona, mwanangu," ukanambia, "lakini Yeye ana stara kuliko sie wote." Nililala raha siku ile. Alhamdu ulinifundisha huku unapepeta mchele, na nikikosea ulinigonga begani kwa ukingo wa ungo, taratibu. Kila swali langu la utoto lilikuwa na jibu kwako. Mungu wangu wa miaka ile alikuwa na sauti yako, na nilikuamini kupita kiasi.

Kisha nikafika miaka kumi na tatu. Ulikuwa msimu wa karafuu, Baba kaenda mjini Chake, na mimi nawe tumekaa kwenye jamvi barazani baada ya laasiri, tunachambua. Nilikuwa nimelibeba jambo lile wiki nyingi. Nikakwambia huku natazama vikonyo vya karafuu mkononi mwangu:

"Mama, mie nkisali sisikii kitu. Nasema maneno tu. Labda Mungu hanitaki."

Mkono wako ulisimama.

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia ntu."

"Basi liishe hapa hapa. Siri yako nami, mwanangu."

Hujui nilivyopumua. Niliona mzigo umepata wa kunisaidia kuubeba, na tukaendelea kuchambua mpaka adhana ya magharibi.

Asubuhi ya tatu ukatupa uji. Wa wadogo zangu ulikuwa mweupe. Wangu umepiga manjano na unanukia marashi. Mtoto gani wa Pemba asiyelijua kombe? Aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, akapewa mgonjwa anywe, au mwenye shetani. Na anayeliandika ni mwalimu wa chuo cha Kurani, naye haandiki mpaka aambiwe mtu anaumwa nini. Nikakutazama. Ukageuka kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Kunywa, unapoa," ukasema.

Nikanywa wote. Jioni chuoni mwalimu akanisimamisha mbele ya wenzangu. "Eti weye ndo usiyesikia kitu ukisali? Haya, tusomee kwa sauti, tusikie sie." Walicheka mpaka wadogo wa alifu. Nikasoma.

Tangu siku hiyo nikajifunza kulia. Ikifika dua nilibana macho mpaka machozi yatoke. Wanawake wakanisifu, nawe ukasema kwenye shughuli ya jirani, mimi nimesimama nyuma yako na sinia la wali: "Kombe limemtengeza mwanangu." Kikulacho ki nguoni mwako, Mama. Nililia uongo zaidi ya miaka ishirini, na wewe ndiye uliyekuwa ukinisifu kuliko wote.

Sina ugomvi na kombe. Wapo waliolinywa likawatuliza. Ugomvi wangu ni nawe. Miguu yangu ilipokua uliona upesi ukaninunulia ndara mpya, wala hukusema nimeingiwa na kitu. Imani yangu nayo ilikuwa inakua. Majibu ya miaka sita yalikuwa hayanienei tena, nikaja kwako kutafuta mengine. Sikuwa na shetani. Nilitaka kusikilizwa na mama yangu.

Hayo nilikwisha kuyazoea. Lakini siku ya arobaini yako, tukiosha masufuria uani, nilimsimulia mama mdogo Bi Time ule uji. Nilimsimulia kwa kicheko, nikidhani nawe utachekwa kidogo. Mdogo wako hakucheka.

"Lile kombe, mwanangu," akasema, "nusu kalinywa mwenyewe."

Nikauliza kwa nini.

"Mamako tangu usichana wetu akilia moyo wake mkavu. Akisali hasikii kitu. Kanywa makombe mpaka kachoka. Uliposema yale, alijua kakurithisha. Aliogopa, maskini."

Nikaliacha sufuria nikaenda kukaa chooni, mahali pekee penye mlango.

Mwalimu nilimsamehe zamani. Hili ndilo lisilomezeka. Tulikuwa wawili kwenye jamvi moja, maradhi yetu mamoja, kama ni maradhi, nawe ukaniuliza nimemwambia nani! Maneno mawili tu, Mama: "hata mie". Ungeyasema, nisingelia uongo hata siku moja. Wewe uliyekuwa ukiwahimiza maharusi waseme yanayowasumbua, mficha uchi hazai, yako uliyafunika ukaniacha peke yangu.

Wiki iliyopita mjukuu wako Raya, na miaka yake kumi na miwili, alikuja chumbani kwangu baada ya magharibi, mtandio bado uko kichwani.

"Mama, weye ukisali wasikia kitu?"

Wallahi niliitaka simu. Nilitaka kumpigia mwalimu wake pale pale, na hofu yako niliijua ladha yake. Nikaukalia mkono wangu.

"Siku nyengine nasikia," nikamwambia. "Siku nyingi sisikii. Nasali hivyo hivyo."

Akauliza, "Na bibi je?"

Unajua anavyokupenda. Kwake wewe ndiye mcha Mungu kuliko watu wote, na ningeweza kukuacha hivyo hivyo. Sikukuacha. Nimemwambia yote, Mama, na siri yako nimeitoa bila ya kukuomba ruhusa, kama ulivyoitoa yangu. Sijui kama nilifanya kwa ajili yake au nilikuwa nalipiza. Labda yote mawili.

Raya akawa anazungusha pindo la mtandio kidoleni.

"Maskini bibi," akasema. "Kumbe mlikuwa wawili, na kila mmoja anasali na hofu yake. Kwa nini hamkuambizana?"

Mimi nilikwambia, Mama. Mtoto anasubiri jibu, na mwenye jibu ni wewe.

Mungu akupe nuru kaburini. Nakuombea na hasira zangu kifuani, kwa sababu sijui kuomba vyengine.

Mwanao mkubwa,
mama yake Raya