Tawi la Ndwiga

Wawira, leo nimepiga kelele ofisini. Mimi. Mbele ya kila mtu.

Tulikuwa tunamalizia mwongozo wa mashine ya kupoza maziwa, ule wa wakulima wa Kiirua. Kila mtu huandika kwa nakala yake kwenye programu ya Git, nakala hiyo tunaiita tawi, halafu tunaunganisha. Bosi wetu Nelius akasema, "Hili la Ndwiga lifutwe. Limekaa tu tangu tumzike."

Limekaa tu! Nikasema, "Msiliguse!"

Mwenzangu Kanana akanivutia kiti. "Basi liunganishe wewe, dada. Jina lake litabaki kwa kila mstari alioandika."

Nikaunganisha. Ikagoma mahali pamoja, kwa sababu mimi na Ndwiga tulikuwa tumebadilisha sentensi ileile, na lazima moja itoke.

Yangu: "Mtumiaji ahakikishe tangi ni safi kabla ya kumimina maziwa."

Yake: "Mama, osha tangi kwanza. Usiharakishe, chai itangoja."

Chai itangoja, Wawira. Nilimsikia kabisa.

Nelius akasoma, akapangusa miwani. "Mwongozo hauandikwi hivyo," akasema. "Lakini chagua wewe."

Nimechoka sana. Nimefuta yangu.