Masale Uliyoyakata kwa Ajili ya Picha

Kilema, Moshi,
Jumapili, 16 Februari 2025

Mpendwa mjukuu wangu Denis,

Marahaba. Naitika kabla hujaniamkia, maana najua shikamoo imekukwama kooni. Hujambo huko Dodoma? Kifua kimepoa, au bado unakohoa ile baridi uliyoshuka nayo mlimani? Kunywa maji ya moto, uache soda. Sisi tu wazima. Magoti yananiuma kama kawaida, na ng'ombe amezaa ndama jike. Anayeandika ni shangazi yako Joyness. Nimemwambia asilainishe hata neno.

Sasa nikuulize, mume wangu. Mlima wote ule umeuzunguka na kamera Krismasi nzima, wapagazi wa watu wamekubebea hadi yale magongo matatu ya kuisimamishia, umerudi na mawingu, na mawe, na Mawenzi asubuhi na Mawenzi jioni. Hukutosheka? Lazima uje umalizie kwenye kihamba changu cha migomba, tena na panga?

Nilikwenda misa ya kwanza nikakuacha umesimama mgombani unasubiri wingu lifunguke. Narudi, nakuta masale yote ya mpakani yamelala chini kama wagonjwa, na wewe unaichekelea kamera. Eti, "Bibi, yalikuwa yananizibia Kibo." Yanakuzibia! Kibo yote ile izibwe na jani? Si ungesogea wewe!

Masale yale si maua. Siku babu yako Kornel na mzee Sirili walipochoka kugombania mpaka, waliyapanda pamoja, huyu anashika mche, yule anafukia, kisha wakanywa mbege kwenye kata moja. Anayeyakata anasema ugomvi uanze upya. Mtoto wa Kilema hujui hilo? Au huku kwetu unakujulia kwenye kamera tu?

Mzee Sirili alikuja jioni ile, wewe umeshapanda basi. Hakukaa. Aliokota shina moja, akaligeuzageuza, akaniuliza, "Mama Faustin, ndiyo mmeamua?" Nikamwambia ni mtoto, alikuwa anapiga picha. Akacheka kicheko kibaya. "Siku hizi picha zinapigwa na panga?"

Tangu hapo tukitoka kanisani yeye anapita njia ya juu, mimi ya chini. Juzi amekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kushtaki. Denis, huyu ndiye aliyeshika jembe la kwanza kaburini kwa babu yako. Katika rika letu hapa tumebaki mimi na yeye. Nikifa wiki hii, atasimama upande gani wa mpaka?

Halafu wewe ukatuma nini? Picha! Umepiga jani la isale kwenye bustani ya hoteli huko, ukalirusha kwenye simu ya Joyness, eti tumwonyeshe mzee Sirili, msamaha umeshaombwa. Nilitaka kuitupa ile simu zizini. Isale la kuombea msamaha hupelekwa mkononi, limefungwa fundo, na mkosaji ameinamisha kichwa. Ukiletewa isale huwezi kukataa. Ndiyo maana halirushwi kama vocha! Nimemkataza Joyness asithubutu kuionyesha. Ungemuua mzee wa watu kwa hasira.

Ile picha yako kubwa ya Kibo imefika, na fremu yake. Ni nzuri, sitakudanganya. Nimeitundika sebuleni, ila nimeigeuza, uso uangalie ukuta. Wageni wakiuliza nawaambia inamsubiri mwenyewe.

Kwa hiyo Pasaka uje. Chumba chako nimekifagia mwenyewe, na mbege nitapika. Baba yako Faustin asikusindikize kwa mzee Sirili. Miguu iliyopanda mlima haiwezi kushindwa kuvuka kihamba.

Msalimie mkeo Violet, hana kosa huyo, kosa lake ni kuolewa na wewe tu. Mwambie binti yenu Brenda mdogo kwamba ndama ni wake, aje ampe jina. Shangazi yako anakusalimu, ingawa hapa anakucheka. Mungu akulinde njiani, akupe na macho ya kuona kilichosimama mbele ya mlima.

Mashina yale yamechipua. Jani la kwanza limefika urefu wa kiganja, na sijaruhusu mtu aliguse, hata mbuzi nimemfunga. Utalichuma wewe, kwa mkono uleule.

Wako ninayekupenda hata nikifoka,

Bibi Mektrida