Kutwa Mara Tatu

Acha unachofanya usome. Baba amekula mbegu za Mama. AMEZIMEZA.

Unamjua Mama, bahasha za dawa za hospitali hatupi. Ua likikauka anapukuta mbegu, anazitia humo, kabatini. Maandishi ya nesi hafuti, eti zake anazijua.

Sasa Baba goti limemsumbua, kafungua kabati, kakuta bahasha: "Kimoja, kutwa mara tatu." Ndani kuna vipunje vyeusi, vigumu. Akameza. Siku nne! Tena baada ya chakula, kwa maji ya uvuguvugu.

Leo mchana Mama kaenda kupanda, bahasha tupu. Na zile ni za ua la zambarau la bibi. Nyumba ya bibi ilishabomolewa, hakuna nyingine popote.

"Mzee, mbegu zangu ziko wapi?"

"Mbegu gani? Mimi nimemaliza dozi asubuhi. Goti limepona."

Akachuchumaa, akainuka, akachuchumaa tena. Kumwonyesha! Mama analia, mtu anachuchumaa!

Nikampigia nesi mbio. Nesi kacheka hadi kakohoa. Akasema hazina sumu, na kwa ugumu huo, za leo zitatoka kama zilivyoingia.

Kosa langu, simu ilikuwa kwenye spika.

Mama akafuta machozi kwa kanga. Akaenda stoo, akarudi na jembe, akamkabidhi Baba.

"Kuanzia sasa choo chako ni kule bustanini," akasema. "Kutwa mara tatu."