Wimbo wa Mama Uliogawanywa

Makole,
Dodoma.
19 Oktoba 2003

Mpendwa kaka Geofrey,

Shikamoo. Habari za Gaborone? Kile kifua kilichokusumbua kimepoa? Sisi huku tunapumua, zaidi ya hapo sina la kujivunia. Macho ya baba yanazidi kufifia, ila mimi na watoto hatujambo.

Mvua ya mwaka huu ilitutupa mkono. Mdogo wetu Bartolomayo kule Bahi mpunga wote ulimkaukia shambani, na ng'ombe amebakiwa na mmoja tu.

Sasa nije kwenye CD. Umeandika kwamba ilikataa kwenye redio, ikakataa kwenye kompyuta ya kazini, ukaitupa, na kwamba tuache kukutumia takataka. Nililia, kaka. Kisha nikapandwa na hasira, lakini si juu yako. Ni juu ya binamu yetu Gerson na hiyo studio yake.

Unakumbuka mama alifariki akiwa anarekodi kwa Gerson ule wimbo wake wa mavuno. Kumbe kwenye kompyuta wimbo hukaa vipande vipande. Sauti ya mama ina faili lake, zeze lina lake, waitikiaji wana lao, na yote lazima yawe kwenye folda moja ndipo programu iyaunganishe. Faili moja likiwa peke yake halifunguki popote, na Gerson alikuwa hajauunganisha wimbo.

Siku ya kuanua tanga, wazee walipomaliza kugawa vitenge na vyungu vya marehemu, Gerson naye akasimama na CD zake. Aliugawa wimbo kama urithi, kila mtoto na faili lake! Bartolomayo akapewa zeze, mimi waitikiaji. Watu wakapiga makofi, nami nikamshukuru. Aliporudi studio akaifuta folda nzima kupisha kwaya iliyokuwa ikisubiri zamu. Nilipokwenda kumwomba auunganishe wimbo, ndipo akashika kichwa.

Yako aliituma kwa dereva wa lori bila hata karatasi ya maelezo. Kwa kuwa wewe ndiye mkubwa na hukuwahi kuzika, alikuchagulia fungu lililo bora. Hiyo uliyoitupa ndiyo sauti ya mama, kaka. Nyingine hatuna.

Baba sijamwambia. Kila Jumapili anauliza wimbo utakuwa tayari lini, nami namjibu kwamba tunaisubiri CD yako.

Bartolomayo na mkewe Jenifa wanakusalimu sana. Mungu akufunike huko ugenini.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Yudith

Tanbihi: Nijibu upesi. Huko kwenu taka huzolewa siku gani?