Bakteria wa Aina Mbili na Brashi

Jumatatu, 3 Juni

Mume wangu bado hajitambui. Shingo imekakamaa. Dokta anasema ni homa ya uti wa mgongo. Nipo naye tangu asubuhi, namlowesha midomo kwa pamba. Kazi ya mke.

Wifi amekuja na habari: Brashi yuko getini hapa hospitali, analia. Brashi! Yule mwanamke aliyekuwa akipaka rangi nyumba za watu pamoja na mume wangu, mpaka nikamwambia mume achague, kazi hiyo au mimi. Alinichagua mimi. Aliapa. Sasa huyu analilia nini? Nimemwambia mlinzi asimruhusu kuingia.

Jumanne, 4 Juni

Majibu ya maji ya mgongo yametoka. Bakteria wa aina mbili! Dokta anasema ni nadra, kwa kawaida huwa wa aina moja. Mume wangu huyu — hata kwa bakteria hatosheki na mmoja. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia.

Dokta akauliza kama amewahi kuumia kichwa, au sikio kutoa usaha. Aina mbili zikiingia pamoja, huenda pana tundu mahali kwenye fuvu, ndimo wanamopita. Nikasema hapana, ana mafua tu. Mimi ndiye ninayelala naye, nani atajua zaidi?

Alhamisi, 6 Juni

Homa imeshuka kidogo. Dokta hana raha. Tundu lisipojulikana lilipo, ugonjwa utarudi, na safari hiyo huenda asiamke.

Wifi ameninong'oneza nimwite Brashi, eti anajua kitu. Ajue nini nisichokijua mimi ninayemfulia mashati? Nimenuna mchana kutwa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda getini mwenyewe. Kwa ajili ya mume wangu, si kwa ajili yake.

"Dada, alianguka," amesema Brashi. Kutoka kwenye ngazi, wakipaka dari. Kumbe hawakuacha kufanya kazi pamoja! Alijigonga paji la uso sakafuni. Tangu hapo akiinama, pua ya kushoto inadondosha maji. Si makamasi, maji. Alimwambia Brashi yana chumvi.

"Nilimsihi akwambie. Akasema akikwambia kaanguka, utamuuliza alikuwa na nani."

Ningemuuliza. Wallahi, ningemuuliza hilo kabla ya kumtazama kichwa.

Mimi nampa leso kila asubuhi, mwenzangu anaambiwa hadi ladha!

Dokta aliposikia tu, amesema hayo ni maji ya ubongo, tundu liko juu ya pua, akataka aelezwe na Brashi mwenyewe, palepale kitandani. Amepita mbele yangu, kucha zina rangi nyeupe. Mimi nimebaki kwenye benchi, naandikia gotini.

Nesi ametoka sasa hivi, meno yote nje. "Dada, njoo! Kafumbua macho, kamwita mtu!"

Kamwita nani? Amenishikia mlango, ananingoja. Na mimi bado nimekaa, naandika kama mjinga. Siinuki — kwanza aniambie kamwita nani