Dira Juu ya Nondo

Sofu, Kibaha

Dada yangu Swaumu,

Assalaam aleykum, na shikamoo. Natumaini wewe, shemeji na watoto hapo Mlandizi hamjambo, na kwamba ngedere wamewaachia mahindi kidogo. Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi. Najua utacheka kupokea karatasi wakati simu ipo. Ila kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika mwisho, maana nakujua.

Unakumbuka mwaka jana, msikiti wa kwetu Kisarawe ulipoanza kujengwa upya. Baba alisimika kijiti uwanjani, akaweka alama za kivuli chake asubuhi na alasiri, akapata kaskazini, akawaonyesha kibla, kwa kuwa kutoka kwetu Maka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Mimi nikafika na dira ya shule, mwalimu mzima wa jiografia, nikasema mbele ya kamati kwamba mzee amekosea. Watu wakamcheka. Msingi ukachimbwa kwa kufuata sindano yangu. Baba akaacha kwenda msikitini, nawe ukampigia simu ukamwambia apunguze ubishi.

Sasa, mwezi wa nne nilikuwa darasani. Nikawaeleza wanafunzi kwamba dunia ni sumaku kubwa, lakini nguvu yake ni hafifu, hivyo chuma chochote kilicho karibu huipotosha sindano. Nikasogeza nyundo kando ya dira, sindano ikageuka. Hapo ndipo nikakumbuka. Siku ile ya kupima niliiweka dira juu ya rundo la nondo za ujenzi, maana ndipo palipokuwa tambarare. Miaka tisa nafundisha jambo hilo, na siku ya kulitumia nikalisahau kwa kutaka kuonekana.

Nilirudi kule kimya kimya, nikapima mbali na chuma. Baba alikuwa sahihi.

Nikamuuliza imamu kwa kuzungukazunguka, kama vile nasemea watu wengine. Alinijibu kwamba aliyejitahidi akakosea, sala zake hazina neno, na safu zinaweza kuchorwa upya hata kama kuta zimekaa upande. Ila anayejua akanyamaza, huyo ana kesi yake.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa Baba nimwambie. Nikamkuta chumbani anaswali adhuhuri. Dada, alikuwa ameelekea upande wangu, ule wa makosa. Alipomaliza nikamuuliza mbona hafuati kijiti chake. Akasema haiwezekani kila mtu awe na kibla yake, na kwamba mimi kanisomesha mwenyewe kwa korosho zake. Asiponiamini yeye, ataniamini nani? Msikitini haendi kwa sababu tu anaona haya kuchekwa.

Nikaomba maji, nikanywa, nikaaga. Sikumwambia. Huu ni mwezi wa tano tangu nijue kwamba nilimdhalilisha baba yangu bure, na sijamwambia mtu yeyote ila wewe sasa hivi. Naumia, dada, na ninastahili.

Ijumaa ijayo, baada ya sala, nitasimama mbele ya watu wale wale. Nakuomba uje Kisarawe Alhamisi, umbembeleze Baba aende msikitini. Mimi nikimwita atauliza sababu nami nitababaika, lakini wewe hajawahi kukukatalia. Nataka awepo amekaa pale mbele nitakaposema mzee alikuwa sahihi, ayasikie kwa masikio yake, asije kusimuliwa.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Wifi yako Tunu anakusalimu sana, naye hajui lolote.

Ni mimi mdogo wako,
Abeid